Dakika Nne Zisizo na Sauti

Juzi kijana mmoja wa Korogwe, mmoja wenu ninyi mnaotia sauti za Kiswahili kwenye filamu za nje kwa kompyuta, alinikuta stendi nikisubiri basi la Handeni. Akaniamkia vizuri, nikaitikia, kisha akaniuliza: "Mzee Athumani, katika zote ulizotafsiri enzi za kanda, ipi ilikuwa bora?"

Nikamjibu, "Mgodi wa Mwezini."

"Na mbovu kuliko zote?"

"Hiyo hiyo."

Akacheka, akadhani mzee anamtania. Basi likafika, nikapanda, na njia nzima nikawa najilaumu kwamba nimemwachia mtoto wa watu jibu nusu. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya. Someni wote, maana kazi yenu ndiyo iliyokuwa yangu, ila ninyi mnaifanya mmekaa kwenye kiti chenye mgongo.

Kwa wasiojua, mimi nilikuwa mkalimani wa video kwa miaka kumi na tisa. Unakaa kando ya televisheni, maiki mkononi, filamu inasema lugha yake na wewe unasema Kiswahili palepale, bila kusimamisha. Hakuna kurudia. Ukikosea umekosea mbele ya watu mia. Bunduki ikilia unanyamaza, mama akilia unanyamaza, watu wakicheka unawasubiri wamalize ndipo uendelee. Mwanamume unamsemea kwa kifua, mwanamke kwa pua, na sauti ya mtoto usithubutu hata kidogo, utaonekana mwehu. Jumatano nilikuwa Korogwe, siku ya gulio nilikuwa Mkata, Jumamosi Handeni mjini. Kanda nilizibeba kwenye kikapu nimezifunga kwa khanga mbili, kwa sababu vumbi la barabara ile ya zamani lilikuwa linaingia hata ndani ya yai.

Kanda zote zilikuwa za Mama Shirin. Alikuwa na duka la vitambaa pale Korogwe, ukoo wake ulitoka Uhindini zamani za mababu, lakini yeye alizaliwa Korogwe na Kisambaa alichokisema sokoni kiliwafanya wauza ndizi wajishike mbavu. Kaka yake aliishi ng'ambo. Alikuwa anarekodi vipindi vya televisheni ya huko na kumtumia dada yake kwa vifurushi, ili asiwe mpweke. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, tena cha kukaa nyuma. Mama Shirin ndiye aliyenifundisha cha kwenye filamu, huku anapima kitambaa kwa mteja, televisheni iko nyuma ya kaunta na sikio lake moja liko huko.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: kanda haitafsiriwi kabla haijatazamwa mara mbili. "Mara ya kwanza kwa macho, Athumani, mara ya pili kwa masikio." Na ya pili aliyonisisitizia ni kwamba mahali nisiposikia niseme sikusikia. Hiyo ya pili nilimcheka kimoyomoyo. Nani atatoka nyumbani kwake aje kumsikiliza mkalimani anayesema "hapo sikusikia"?

Tena nilikuwa na sababu ya kujiamini. Siku moja pale Mkata nilipanga kanda vibaya, nikaweka ya tatu kabla ya ya pili. Watu wakaona mtu amezikwa, na baada ya nusu saa mtu yuleyule anakula wali. Ukumbi ukanyamaza kunisubiri mimi. Nikasema kwenye maiki, "Huyu ni pacha wake." Basi, wiki mbili nzima watu walibishana sokoni Mkata juu ya yule pacha, kama alihusika au hakuhusika. Wengine waliniambia ndiyo filamu nzuri kuliko zote walizowahi kuona. Vijana, sifa ya namna hiyo inalevya kuliko gongo.

Sasa nije kwenye Mgodi wa Mwezini. Jina hilo tulilipa sisi. Ilikuwa hadithi ya televisheni ya zamani, picha nyeusi na nyeupe, sehemu sita, kila sehemu kama nusu saa. Watu wamepelekwa mwezini kuchimba jiwe fulani, wamekaa huko mpaka wamezeeka. Wanaosimamia ni mitambo inayotembea kwa miguu miwili, na mitambo hiyo imewaambia kwamba dunia iliungua zamani, nyumbani hakupo tena, kwa hiyo wachimbe tu. Mchimbaji mmoja mzee anaanza kuona shaka. Ndiyo hadithi yote.

Nianze na ubovu, maana ubovu ulikuwa mwingi na ulitufurahisha. Kuta za mgodi zilikuwa za maboksi. Mlango ukibamizwa, ukuta mzima unapumua. Seremala mmoja wa Korogwe alisimama katikati ya onyesho akasema, "Mkalimani, mwambie mwenye mgodi aje kwangu nimtilie misumari." Halafu kulikuwa na mdudu wa kutisha aliyeishi kwenye mashimo. Alikuwa mtu ndani ya sponji, na akigeuka, zipu ya mgongoni inaonekana mpaka na kijifungo chake. Watoto wa Handeni, ambao wamewahi kukutana na nyoka wa kweli njiani wakienda shule, walimhurumia kwa joto la lile sponji.

Kulikuwa na msichana, binti wa mhandisi, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga mayowe na kuteguka mguu. Aliteguka mara tatu, mguu uleule. Mama mmoja akaniuliza kwa ukali, "Huyu mtoto hana akili kabisa?" Nikaona aibu kwa niaba ya mwandishi, nikaanza kumpa akili mimi. Akipiga yowe, mimi nasema, "Baba, tupite kushoto, kulia wametuzingira!" Mpaka sehemu ya tano alikuwa ndiye kiongozi wa msafara, na yeye mwenyewe huko ng'ambo hana habari.

Sehemu ya tatu na ya nne ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Zilikuwa za kukimbia tu. Wanakamatwa, wanatoroka, wanakimbia kwenye handaki, wanakamatwa tena. Na handaki lilikuwa moja tu. Lilikuwa na bomba lililopinda ukutani, kila wakikimbia wanalipita bomba lilelile, mpaka watazamaji wakawa wanaliamkia: "Shikamoo bomba!" Mwandishi alikuwa na hadithi ya sehemu nne akaivuta iwe sita, na popote alipovuta ilionekana.

Lakini uzuri wake, wanangu, sijauona tena. Kila jioni wale wachimbaji walipanga foleni, kila mmoja na kibati chake, mtambo unakigonga muhuri. Mtambo ukikataa kukigonga, siku yako haikuhesabiwa. Hakuna kipigo wala kelele. Mtambo unasema kwa sauti ya upole kabisa, "Leo hukufanya kazi." Nilipofika hapo nilikiita kile kibati kipande, na mitambo nikaiita manyapara. Ukumbi mzima wa Handeni uliguna kwa pamoja. Nusu ya waliokaa pale walikuwa watu wa mkonge au watoto wa watu wa mkonge. Babu yangu mwenyewe aliletwa kutoka Unyamwezini akiwa manamba, na alikufa ameweka vipande vyake vya zamani kwenye mkebe wa chai. Tulijua maana ya siku uliyofanya kazi na haikuhesabiwa. Mwandishi yule hajawahi kuona mkonge hata kwa picha, sidhani, na alitujua.

Na yule mwigizaji mzee aliyekuwa mchimbaji! Ana sura ya mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Anakula kimya, anameza taratibu, na anapoambiwa kwa mara ya mia kwamba nyumbani hakupo tena, anaitikia kwa adabu, na hapohapo unaona hajaamini. Maboksi yakitikisika nyuma yake unayasahau. Mimi nilimpa jina la Mzee Shomari, na watu wakampenda kama jirani yao.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Yohana wa Sindeni. Huyu alikuja kutoka Kasulu akiwa kijana, kwa mkataba wa kukata mkonge. Alimwacha mama yake na mdogo wake wa kike, Dafroza, ambaye siku ile alikimbia nyuma ya lori mpaka vumbi likamficha. Mkataba ulipoisha Yohana aliona aibu kurudi mikono mitupu, akaongeza mwingine. Halafu akaoa Mzigua wa Sindeni, wakapata watoto, akahamia huko kulima mahindi na mihogo. Mwishowe aibu ya mikono mitupu ikageuka aibu ya miaka. Kila Jumamosi alitembea na kupanda magari mpaka Handeni, akakaa benchi la mbele, kofia mapajani.

Wiki tulipofika sehemu ya nne alinijia na barua. Macho yake yalikuwa yamepungua, akaomba nimsomee. Ilikuwa ya Dafroza, imeandikwa na katekista wa kwao. Mama amefariki. Nimebaki mimi. Wanaosema umekufa nawakatalia. Njoo nikuone kabla macho hayajafumba, kaka, mkataa kwao mtumwa. Nilimsomea mara mbili. Akaikunja akasema, "Baada ya mavuno naenda. Nimekwisha kumwambia mke wangu."

Na kweli alijiandaa. Mahindi yalipoingia ndani alinunua doti ya kitenge kwa ajili ya Dafroza, akaazima begi, akauliza habari za basi la Dodoma na treni ya Kigoma, akampelekea Dafroza habari ya siku ya kufika. Safari ilikuwa Jumatatu. Jumamosi akaja Handeni kuniaga na kuona mwisho wa Mzee Shomari. "Siwezi kuondoka sijajua kama alifika," aliniambia.

Kanda ya sehemu ya sita ilikuwa imechelewa miezi, na ilifika Ijumaa. Mama Shirin alikuwa Tanga kwenye harusi, nikakabidhiwa na msaidizi wake dukani. Korogwe umeme haukuwepo siku ile. Nikajiambia nitaitazama Handeni asubuhi, kwa macho kisha kwa masikio kama sheria ilivyo. Asubuhi basi likaharibika njiani. Nilipofika mabenchi yamejaa, jenereta linanguruma, watu wananipigia makofi kama bwana harusi. Nikaona, aa, mimi si mgeni wa kazi hii. Nikaweka kanda.

Ilienda vizuri mpaka karibu na mwisho, deki ikatafuna utepe. Nikautoa, nikaunyoosha kwa ukucha, nikauzungusha kwa penseli, nikarudisha. Haraka haraka, maana watu walikuwa wanapiga miluzi. Ninyi hamjazijua kanda, basi niwaeleze: picha hukaa katikati ya utepe, sauti hupita ukingoni. Ukingo ukijikunja, picha utaiona na sauti hutaipata. Ilibaki kama dakika nne. Picha ikarudi safi. Sauti haikurudi.

Mzee Shomari yuko peke yake, manyapara wamezimika. Anafika kwenye mlango mkubwa, anausukuma, unafunguka. Nje kuna mwanga. Kwa mbali juu inaonekana dunia, nzima, haijaungua. Anaitazama muda mrefu. Machozi yanamtoka. Anafumbua mdomo kama anayesema kitu, lakini uso umegeukia upande. Kisha, bila kutoka, anageuka na kurudi ndani ya handaki, gizani. Mlango unabaki wazi. Basi, majina ya watu yanaanza kupanda.

Nilikuwa na nafasi ya kusema "hapo sikusikia". Ilikuwa ni maneno mawili tu. Badala yake nilishusha sauti, nikamsemea Mzee Shomari kwa kifua: "Dunia ipo. Lakini nani huko ananijua tena? Aliyekaa ugenini mpaka nywele zikawa nyeupe, kwao ni hapo alipo. Nawarudia wenzangu."

Maneno hayo hayakuwa ya mwandishi wala ya Mzee Shomari. Yalikuwa ya baba yangu. Ndivyo alivyokuwa akijibu kila alipoulizwa kwa nini hatukwenda kamwe Unyamwezini. Yalikuwa karibu mdomoni, nikayatoa.

Watu walisimama. Wazee wa mkonge walilia bila kuficha, wake kwa waume, na makofi yalilizidi jenereta. Sijawahi kusifiwa vile kabla wala baadaye. Mzee Yohana alibaki amekaa. Watu walipopungua alinifuata, akanishika bega. "Umenitua mzigo, mwanangu," akasema. Nilidhani anasifia kazi.

Jumamosi iliyofuata nikamkuta kwenye benchi lake.

"Mzee, hukuondoka?"

"Niende wapi?" akasema kwa utulivu kabisa. "Ulivyosema ndivyo. Nani ananijua huko? Kitenge nimempa mke wangu, kimempendeza."

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ninaomba mliangalie vizuri. Dakika nne za ukumbini naweza kuzisamehe, maana deki imekula utepe, watu wanapiga miluzi, ulimi umeteleza. Lakini siku ile kwenye benchi hapakuwa na deki wala miluzi. Tulikuwa wawili, mchana kweupe. Ningeweza kusema, "Mzee, sauti ilikatika, yale niliyatunga." Yohana angechukua basi la Jumatatu. Nikafikiri, nikisema hivyo habari itafika kila mahali kwamba Mkalimani hutunga, na watu watanikumbuka kwa hilo badala ya yale makofi. Nikamwambia, "Haya, mzee wangu. Karibu ukae."

Mama Shirin aliporudi kutoka Tanga aliniuliza mwisho ulikuwaje. Nikampa mwisho wangu kana kwamba ndio wa kanda. Alikuwa anakunja kitambaa, akaacha. "Ajabu," akasema. "Mtu aliyeandika zile sehemu tano asingeandika mwisho huo." Akaiweka kanda, akatazama mpaka mahali sauti inapokatika. Akanitazama. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningekiri, nadhani, lakini yeye alikuwa mtu wa kumwachia mwenzake mlango wazi apite mwenyewe, nami sikupita. Miaka michache baadaye aliwafuata watoto wake ng'ambo, na huko ndiko alikofia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ndiyo balaa. Dafroza aliandika tena: Tulikusubiri stesheni siku tatu, je, u mgonjwa? Yohana akaja na karatasi na kalamu, akaniomba nimwandikie jibu. Akatamka, nami nikaandika. Mnajua alichotamka? Dada yangu mpendwa, usinisubiri. Aliyekaa ugenini mpaka nywele zikawa nyeupe, kwao ni hapo alipo. Neno kwa neno. Niliandika maneno yangu mwenyewe kwa mwandiko wangu mwenyewe, nikabandika stempu, nikapeleka posta. Baada ya hapo Dafroza hakuandika tena. Simu zilipoenea, Yohana alikuwa hasikii vizuri, na nadhani pia barua ile ilimfunga mdomo. Alikuwa akimtaja Dafroza kila Jumamosi; akaacha kumtaja. Alifariki mwaka juzi, akazikwa Sindeni nyuma ya nyumba yake.

Mwaka jana binti yangu Mwajuma, fundi simu pale stendi ya Korogwe, aliniita mezani kwake. "Baba, si hii ndiyo ile ya shikamoo bomba?" Alikuwa ameipata kwenye simu, sehemu zote sita. Nilicheka mpaka machozi kwa yule mdudu. Kuta bado zinapumua. Msichana bado anateguka, na nilimhurumia kwamba amerudi kuwa mjinga bila mimi. Kisha nikamwambia Mwajuma aniwekee mwisho wa sehemu ya sita, nikaisogeza simu sikioni, maana stendi ilikuwa na kelele.

Mzee Shomari anasukuma mlango. Anaitazama dunia. Anasema taratibu, kama anayejisemea mwenyewe, "Walikuwa wananisubiri." Anageuka, anaingia gizani, na picha inapobaki kwenye mlango ulio wazi sauti yake inasikika ndani kabisa ya handaki, inapiga kelele: "Amkeni! Amkeni wote! Tunakwenda nyumbani!" Na sauti za watu zinaanza kuitika, mmoja, watatu, wengi, mpaka majina yanapoisha.

Hakurudi kukaa. Alirudi kuwaamsha wenzake.

Mwajuma aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia jua kali. Niliirudia mara nne pale mezani, na siku zile nilijaribu sana kumtupia mwandishi lawama. Hata leo nasema hadithi ile ina ubovu mmoja mkubwa kuliko zipu: mzigo wote wa sehemu sita umewekwa kwenye kelele moja, na picha peke yake inasema kinyume chake. Hadithi ya kutazamwa haifai kutegemea sikio kiasi hicho. Mtu kiziwi ataondoka na hadithi nyingine. Nikiwa fundi nitalisema hilo popote. Lakini kelele yenyewe, giza lile, watu wasioonekana wanavyoitika, hakuna kitu kizuri kama hicho katika kanda zote nilizobeba. Ubovu na uzuri vilikaa mahali pamoja, na mimi nikaketi juu yake kwa makalio yangu. Mwandishi ana lake, nami nina langu.

Mwaka huu baada ya mavuno, Josefu, mtoto mkubwa wa Yohana, akanipigia. Shangazi yake amekuja kutoka Kasulu kuona kaburi. Dafroza, yu hai. Amekuja na mkwe wake, mke wa mwanawe, anaitwa Neema. Mzee alikupenda, Josefu akasema, njoo umsalimie.

Nilikwenda Sindeni nimeazimia kusema. Safari hii nilifanya kama Mama Shirin alivyotaka: nililipitia neno langu mara mbili njiani. Nilimkuta Bibi Dafroza uani, amekaa kwenye mkeka, mdogo wa mwili, anamenya mihogo kwa kasi ya msichana. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Mengine yote Neema alitafsiri.

Nikaketi. Nikasema yote: kazi yangu, utepe, dakika nne, maneno ya baba yangu, benchi, barua. Nilisema kwamba kaka yake alikuwa amenunua kitenge na kuazima begi, na aliyemzuia ni mimi. Sikuruka kitu. Nilisema muda mrefu, huku nikimtazama yeye, si Neema. Nilipomaliza, Neema akamgeukia mama mkwe wake, akasema kama sentensi mbili.

Bibi Dafroza akaweka kisu chini. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, yenye unga wa mihogo, akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, machozi yanamtoka.

"Anakushukuru," Neema akasema.

"Ananishukuru kwa lipi?"

"Kwa kuwa ulikuwa unamsomea kaka yake barua zake. Na kwamba alikuwa na rafiki."

Mimi nimefanya kazi ile miaka kumi na tisa. Najua dakika tano za maneno zinavyogeuka kuwa sentensi mbili.

"Neema, mwanangu," nikasema, "mwambie yote niliyosema."

Hakukwepa macho yangu. "Mzee, samahani. Mama amesafiri siku tatu kuja hapa, na ana siku tatu za kurudi. Unataka arudi na hayo?"

Nilifumbua mdomo. Sijui Kiha, lugha ya kwao Kasulu, hata neno moja. Josefu alizaliwa Sindeni, hakijui. Uani pale hapakuwa na mtu mwingine wa kunisemea. Bibi Dafroza alikuwa bado amenishika mkono, ananitazama kwa upendo nisioustahili, akisubiri kama nina neno jingine. Neema naye akasubiri.

Nikasema, "Mwambie karibu Handeni."

Hilo akalitafsiri lote. Mihogo ilipoiva Bibi Dafroza alinichagulia vipande vikubwa kwa mkono wake, akanisogezea sahani. Akasema jambo, Neema akacheka, kisha na wengine wakacheka kwa kumwona yeye anavyocheka. Nami nikacheka pamoja nao, nikaendelea kula.